Nyika, Giza na Mwisho wa Filamu

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika za Wamaasai, karibu na Kilimanjaro, akifuatwa na msururu wa wapagazi. Vichwani na mabegani mwao, pamoja na vyakula na risasi, walibeba masanduku ya kamera na mabamba ya vioo vilivyopakwa dawa ya kunasa nuru. Usiku Schillings alimfunga punda au ng'ombe mahali anapopita simba, akaelekeza kamera, akanyoosha uzi. Simba alipougusa, unga wa magnesi uliwaka kwa kishindo, na bamba likapata picha yake. Mwaka 1905 picha hizo zilitoka katika kitabu kilichowashangaza Wazungu, ambao simba wa porini walimjua zaidi kwa michoro na ngozi. Jina la Schillings limebaki. Ya wapagazi hayakuandikwa, ingawa bila mabega yao hakuna bamba hata moja ambalo lingefika pwani likiwa zima.

Naanzia kwake kwa sababu mambo mawili yaliyomsumbua, giza na kungoja, yaliwasumbua wapiga picha wa nyika kwa karibu miaka 100 iliyofuata. Wanyama wengi wakubwa hufanya mambo yao jua likiwa limezama au halijachomoza. Na mpiga picha, akishabonyeza, hakuwa na njia ya kujua amepata nini mpaka picha isafishwe, wiki au miezi baadaye. Kwa maoni yangu, ukitaka kuelewa kwa nini filamu iliachwa nyikani, usianze na ubora wa picha. Anza na hayo mawili.

Aliyeuondoa mzigo wa vioo ni George Eastman wa Rochester, Marekani. Kamera yake ya Kodak ya mwaka 1888 ilitumia filamu laini ya kuviringishwa, yenye nafasi ya picha 100. Eastman mwenyewe aliipenda Afrika Mashariki. Aliwekeza dola 10,000 katika safari ya Martin na Osa Johnson, mume na mke waliojenga makazi kando ya ziwa ndani ya msitu wa Marsabit na kuishi huko kati ya 1924 na 1927, wakiwa na chumba cha giza cha kusafishia filamu zao. Mwaka 1926 mzee huyo, akiwa amevuka miaka 70, alikuja Kenya akasafiri pamoja nao. Kampuni yake ndiyo ingekuja kuitawala filamu kwa vizazi vitatu, na ndani ya kampuni hiyohiyo ndimo ingezaliwa kamera ya kuiua filamu.

Rangi zilikuja na Kodachrome, iliyoingia sokoni mwaka 1935 kwa ajili ya sinema, na mwaka uliofuata kwa kamera za kawaida. Ilibuniwa na wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky. Nyekundu yake ilikuwa nzito bila kupiga kelele, na slaidi zake zilizotunzwa gizani hazikupauka upesi. Kwa miongo mingi majarida makubwa ya picha hayakutaka filamu nyingine. Lakini Kodachrome ilikuwa nzito kupokea nuru. Ile iliyopendwa zaidi na watu wa wanyama ilikuwa ya kipimo cha 64.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Mpiga picha ana lenzi ndefu ya bei kubwa, yenye uwazi wa f/4. Jua la mchana likiwaka, filamu ya kipimo cha 64 inamruhusu kupiga kwa takriban sehemu moja ya 1,000 ya sekunde. Twiga anayekimbia anaganda hewani, kwato na vumbi pamoja. Jua likishazama, nuru ikipungua mara 64 au zaidi, lenzi ileile na filamu ileile zinadai takriban sehemu moja ya 15 ya sekunde. Chui akigeuza kichwa tu, uso wake unakuwa ukungu. Basi mpiga picha alifunga kamera yake saa ileile ambayo chui alianza kushuka mtini. Ndiyo maana vitabu vya picha za mbuga vya enzi hizo vimejaa simba waliolala mchana.

Kungoja nako kulikuwa na uchungu wake. Mwaka 1962 Hugo van Lawick, Mholanzi aliyezaliwa Surabaya, alifika Gombe kwa niaba ya National Geographic ili apige picha za kazi ya Jane Goodall na sokwe. Waliofanya kazi kwa jarida hilo walituma filamu zao Washington zisafishwe huko, na mara nyingi mhariri aliziona kabla ya aliyezipiga. Mtu alikuwa msituni kando ya Ziwa Tanganyika, na hukumu ya kazi yake inatolewa ng'ambo. Kama kamera ilikuwa na hitilafu ndogo, kama nuru iliingia kupitia ufa usioonekana, angejulishwa baada ya sokwe kuhama na msimu kupita. Kwa hiyo watu walijifunza tahadhari. Tukio kubwa lilipigwa mara tatu au zaidi, nuru ikipunguzwa na kuongezwa, maana slaidi ilikuwa na uvumilivu mdogo sana wa makosa. Filamu zilifichwa joto. Picha zilikuwa 36 kwa filamu moja, na ya 36 ilikuwa na desturi ya kufika wakati duma ndio kwanza anaanza kukimbia.

Nidhamu hiyo ilizaa macho makali, nami naiheshimu. Siwezi, hata hivyo, kuisifu bila kutaja nani alibaki nje. Studio zilikuwepo katika miji yetu, na wapiga picha hodari walikuwepo: wa harusi, wa vitambulisho, wa ufukweni na bustanini siku za sikukuu. Kila picha ya filamu ilikuwa na gharama yake, ya kununua na ya kusafisha, na ilipaswa kulipwa na mteja. Nani angemlipa kijana wa Arusha au Narok amalize filamu nzima kwa ndege mmoja mtini? Wanyama wa kwetu walipigwa picha na wageni kwa miaka mingi kwa sababu filamu ilikuwa ghali, si kwa sababu wenyeji hawakuwaona.

Kamera ya kwanza ya dijitali iliundwa mwaka 1975 ndani ya Kodak, na mhandisi kijana, Steven Sasson. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, ilitumia lenzi iliyotolewa kwenye kamera ya sinema, ikaandika picha kwenye kaseti kwa sekunde 23. Picha yenyewe ilikuwa ya nukta 10,000 tu, nyeusi na nyeupe. Wakuu wa kampuni waliitazama, na biashara ikaendelea kuwa ya filamu. Ni rahisi leo kuwalaumu, lakini kampuni iliyokuwa ikiuza filamu dunia nzima ingekuwa na sababu gani ya kuharakisha siku ambayo hakuna atakayeinunua?

Waliotangulia kuhama walikuwa watu wa habari. Gazeti linataka picha leo jioni, na ukurasa wa gazeti hauhitaji usafi mkubwa. Kodak ilitoa mwaka 1991 mtambo wa megapikseli 1.3 uliofungwa kwenye kamera ya Nikon F3, ukiwa na hifadhi ya kuning'iniza begani kwa mkanda. Mwaka 1999 Nikon ikatoa D1, iliyoundwa yote kwa dijitali, megapikseli 2.7, na vyumba vya habari vikaanza kuzima taa za vyumba vya giza.

Watu wa nyika walikataa, na walikuwa na haki. Picha ya D1 ilikuwa na nukta 2,000 kwa 1,312. Ukiichapa kwa ubora wa jarida unapata takriban sentimita 17 kwa 11, kadi ya posta iliyoongezeka kidogo. Mpiga picha wa mandhari alitaka kurasa mbili zilizofunuliwa, kila unyasi uonekane. Tena tangu 1990 alikuwa na Velvia ya Fuji, filamu ya kipimo cha 50 iliyochangamsha kijani cha msitu na wekundu wa machweo kuliko alivyoyaona kwa macho yake. Kwa nini aache hayo kwa ajili ya kadi ya posta?

Jibu lilikuja mwaka 2002. Canon ilitoa EOS-1Ds, megapikseli 11, kihisi chake kikiwa na ukubwa sawa na picha ya filamu ya kawaida. Sasa chapa ya ubora wa jarida ilifika sentimita 34 kwa 23. Bei ilikuwa dola 8,000, na wengi waliguna, lakini hoja ya ubora ilikuwa imekwisha. Mwaka huohuo, mwezi Juni, Hugo van Lawick alifariki Dar es Salaam baada ya miaka mingi ya kuishi kambini Ndutu, Serengeti, na miezi miwili baadaye Galen Rowell, bingwa wa picha za milimani kwa slaidi, alikufa katika ajali ya ndege huko California. Wote wawili walimaliza maisha yao wakiwa watu wa filamu. Desemba 2003 National Geographic ikachapisha makala yake ya kwanza iliyopigwa yote kwa dijitali, kazi ya Joe McNally kuhusu usafiri wa anga. Mwaka huohuo Canon ikauza 300D, megapikseli 6.3, kwa bei iliyopungua dola 1,000. Mlango uliofunguliwa na 1Ds kwa matajiri ulifunguliwa na 300D kwa walimu, madereva wa watalii na wanafunzi.

Kuna sababu nyingine iliyosukuma watu, nayo haikutoka kwa mafundi wa kamera. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ukaguzi wa mizigo katika viwanja vya ndege uliongezeka sana. Eksirei huchafua filamu, na hasa ile mashine kali ya mizigo inayoingia tumboni mwa ndege. Sebastião Salgado, mpiga picha Mbrazili ambaye kazi yake ya awali iliwahi kumfikisha Rwanda katika miaka ya machungu ya nchi hiyo, alianza mwaka 2004 mradi wa Genesis, wa kutafuta sehemu za dunia ambazo hazijaharibiwa. Alipita Galapagos, akawapiga picha gorila wa milima ya Virunga, akapanda Ethiopia, akashuka hadi barafu za kusini. Kila safari ilikuwa na viwanja vya ndege kadhaa, na katika kila kiwanja palikuwa na mabishano kuhusu mfuko wa filamu. Filamu ikipitishwa mara nyingi, rangi za kijivu zinapoteza uhai, na Salgado alikuwa mtu ambaye kazi yake yote ilisimama juu ya kijivu.

Mwaka 2008, katikati ya mradi, alihama. Namna alivyohama inanigusa kuliko habari nyingine yoyote katika historia hii. Hakutaka kubadili namna yake ya kuona. Paris, picha zake za dijitali zilichapwa kwenye karatasi za picha ndogondogo zilizopangwa safu kwa safu, kama za filamu, naye akazichagua kwa kioo cha kukuzia. Nyingine zilitengenezewa negetivu halisi ili zichapwe kwa dawa. Kamera ilikuwa mpya, lakini mkono na jicho viliendelea na mazoea ya miaka 30 na zaidi. Mtu akitazama Genesis leo, ni vigumu kutenganisha picha za kabla ya 2008 na za baada yake. Hilo ndilo alilolitaka.

Nyikani, dijitali ilileta adui ambao filamu haikuwajua. Filamu huleta uso mpya kwa kila picha, na chembe ya vumbi husogea na filamu na kwenda zake. Kihisi ni kilekile daima. Badilisha lenzi Amboseli wakati upepo unainua ule unga wa magadi, na doa moja litakaa angani katika kila picha ya safari nzima, karibu na kilele cha Kilimanjaro. Olympus ilianza kuweka kifaa cha kutikisa vumbi mwaka 2003, na wengine wakafuata polepole. Kisha umeme. Kamera nyingi za zamani zingeweza kubonyezwa hata bila betri. Hizi mpya zilifanya kambi za mbali zihesabu saa za jenereta, na madereva wakaombwa kuacha injini ikiunguruma ili betri zichajiwe. Jioni, mahali ambapo zamani watu walikaa kwenye moto, sasa walikaa na kompyuta wakinakili kadi, mara mbili, kwenye diski mbili, kwa hofu.

Lakini kungoja kulikuwa kumekwisha. Skrini nyuma ya kamera ilionyesha picha papo hapo, na grafu ya mwanga ikaeleza kama weupe wa korongo umeungua. Kosa la saa moja asubuhi lilisahihishwa saa moja na dakika moja, simba akiwa bado yupo. Naamini hakuna shule ya picha iliyowahi kufundisha watu wengi kwa haraka kama skrini ile, na dereva aliyekuwa akimsogezea mgeni gari kwenye nuru nzuri kwa miaka 20 sasa aliweza kuinua kamera yake mwenyewe bila kuhesabu gharama ya kila kubonyeza.

Giza ndilo lililodumu mpaka 2007. Mwaka huo Nikon, ambayo Januari 2006 ilikuwa imetangaza kuacha kutengeneza karibu kamera zake zote za filamu, ilitoa D3. Megapikseli zake zilikuwa 12 tu, lakini ilipiga kwa kipimo cha nuru (ISO) cha 6400 ikatoa picha safi inayofaa kuchapwa. Turudi kwa chui wetu. Lenzi ni ileile ya f/4, jua limezama vilevile. Palipokuwa na sehemu moja ya 15 ya sekunde, sasa pana sehemu moja ya 1,500 na zaidi. Chui anageuza kichwa, anashuka mtini, anaruka kijito, na kila nywele ya sharubu zake inaonekana. Nusu ya maisha ya mbuga, iliyokuwa imefungwa tangu enzi za magnesi ya Schillings, ilifunguka bila mlipuko na bila kumfunga punda mtini. Hapo ndipo filamu iliposhindwa kabisa nyikani. Hoja za rangi na za hisia zingeweza kuendelea, na zinaendelea, lakini hakuna aliyeweza kubishana na jioni.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Juni 2009 Kodak ilitangaza mwisho wa Kodachrome. Filamu hiyo haikuweza kusafishwa na studio yoyote ile, ilitaka mashine na dawa za pekee, na kufikia wakati huo duniani kote ilikuwa imebaki maabara moja, ya Dwayne's Photo katika mji mdogo wa Parsons, Kansas. Mpiga picha Steve McCurry alipewa filamu ya mwisho kutoka kiwandani, picha 36, akaipeleka mwenyewe Parsons. Desemba 30, 2010 maabara ikapokea filamu za mwisho za watu wengine. Januari 2012 Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Mpiga picha Michael Nichols aliishi pande zote mbili za mpaka huu. Katika miaka ya 1990 alitega kamera za filamu ili awapate chui milia wa Bandhavgarh, India. Kamera ya kutega yenye filamu ilikuwa na picha 36 tu, na nyani wenye udadisi wangeweza kuzimaliza zote kabla ya chui kupita. Aliporudi kwenye kazi ya namna hiyo Serengeti, kwa makala ya simba iliyotoka Agosti 2013, alikuwa na kamera ndogo juu ya gari la kuongozwa kwa mbali, droni, na mwanga wa infraredi ambao simba hawauoni. Aliwafuata kwa miezi mingi, usiku na mchana, na kundi lililoitwa Vumbi likazoea kuwapo kwake. Picha ya majike wa Vumbi wakipumzika na watoto wao juu ya jabali, iliyopigwa kwa infraredi katika rangi nyeusi na nyeupe, ilimpa mwaka 2014 tuzo ya mpiga picha bora wa wanyamapori inayoandaliwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya London. Simba wale wamelegea kama watu wa nyumbani alasiri, wala hakuna hata mmoja anayeonyesha kusumbuliwa.

Wanasayansi nao waliingia. Kuanzia 2010 Alexandra Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota alisambaza kamera 225 za kutega katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya Serengeti. Kufikia 2013 zilikuwa zimekusanya seti milioni 1.2 za picha, na zaidi ya watu 28,000 wa kujitolea walikaa majumbani mwao wakizitambua moja moja. Kwa filamu kazi hiyo isingefikirika, kwa sababu ya gharama na kwa sababu ya mikono.

Wapo waliobaki na filamu, na si kwa ukaidi. Nick Brandt aliendelea kupiga tembo wa Amboseli kwa kamera nzito ya filamu kubwa, bila lenzi za kuvuta mbali, akisogea karibu na kungoja mnyama awe kama mtu aliyekaa studio. Kitabu chake cha 2016, Inherit the Dust, bado kilikuwa cha filamu. Na hifadhi za filamu zina nguvu ambayo diski bado hazijathibitisha. Mohamed Amin, mwana wa Nairobi aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963 na kufa katika ajali ya ndege pwani ya Comoro mwaka 1996, hakuiona enzi ya dijitali nyikani. Negetivu na slaidi zake, za vita, za njaa ya Ethiopia, za watu na maji ya Ziwa Turkana, zipo, na maelfu yake yamekwisha kunakiliwa kwa dijitali ili vijana wa leo wazione. Nina wasiwasi na picha za 2005 zaidi kuliko za 1965. Za 1965 ziko ndani ya sanduku. Za 2005 nyingi ziko ndani ya diski ambayo haiwaki tena, na hakuna aliyeinakili.

Februari 2019 Will Burrard-Lucas alichapisha picha za chui mweusi wa Laikipia, alizozipata kwa kamera za kutega usiku: mnyama mweusi, katika giza. Vyombo vya habari vya ng'ambo vilitangaza kwamba ni mara ya kwanza katika miaka karibu 100 kwa chui wa aina hiyo kupigwa picha Afrika. Wakenya walipinga palepale, na watafiti waliokuwa wakifanya kazi Laikipia walikuwa tayari na picha zao. Wenyeji walikuwa wakimwona kwa muda mrefu, na ndio waliomwonyesha mgeni njia anazopita, ili ajue pa kutega.